Chembe Iliyokataa Kupevuka



Mwaka uliopita tulijaaliwa kufika Mafia, kisiwa cha minazi kilichokaa mkabala wa midomo ya Mto Rufiji, na siku moja baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani huko Kilindoni pamoja na mzee mmoja mkwezi ambaye umri wake umekwisha pita sabini. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa aliyotusimulia ni mambo ya nyumbani kwake, nayo ni amana. Alikuwa na mjukuu wa kiume wa miaka sita. Mtoto huyo alivimba taya la kushoto, na watu wote wa nyumbani wakasema ni jino. Bibi yake akamtia mafuta ya karafuu, jirani akaleta dawa ya kusukutua, baba yake akamsomea, wakangoja. Siku hazikupita nyingi, magego mawili yakalegea, uso ukageuka sura, na jicho la upande ule likaanza kusukumwa nje. Ndipo walipompeleka hospitali, na huko wakaambiwa wasikae tena, wavuke bahari hata Dar es Salaam. Baada ya kupimwa waliambiwa kwamba ile ni saratani, na kwamba aina yake huitwa limfoma ya Burkitt.

Mzee alikunja miguu yake juu ya mkeka akatuuliza hivi: "Wanangu, nyinyi ni watu wa kusoma. Mimi papa namjua, nyoka namjua, na homa naijua. Hao wote ni maadui watokao nje. Lakini daktari alisema uvimbe ule si mdudu wala si usaha, ni nyama ya mtoto mwenyewe. Basi nyama ya mtu huwezaje kumgeukia mwenyewe?"

Twakiri mbele yenu kwamba siku ile tulijibu maneno ya kuzungukazunguka, na mzee kwa adabu yake akatuitikia tu. Tangu hapo tumekaa na vitabu, tumewauliza wajuao, na haya tuyaandikayo ndiyo jibu tulilokuwa tukidaiwa. Tumeona ni vyema tulitoe mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa nyumba ya mzee yule siyo pekee iliyofikwa na jambo hili katika pwani yetu na katika nchi zetu.

Tuanze na kitu ambacho mzee anakijua kuliko sisi, nacho ni mnazi. Upunga hufunguka, kikatokea kidaka; kidaka kikawa kitale; kitale kikawa dafu; dafu likawa koroma; na koroma likawa nazi. Kila daraja ina kazi yake na ladha yake. Hakuna mtu wa Mafia atakayekuna kitale, wala hakuna atakayemkaribisha mgeni kwa kumpa maji ya nazi iliyokomaa. Jambo hili, yaani kuondoka katika hali ya uchanga na kushika sura na kazi maalumu, sisi huku tunaliita kupevuka, na katika makala hii tutalitumia neno hilo kwa mwili wa binadamu vilevile.

Mwili wa kila mmoja wetu ulianza kwa chembe moja tu, ndogo isiyoonekana vizuri bila ya darubini. Chembe hizo wengine siku hizi huziita seli. Ile moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, na leo mtu mzima ana chembe zipatazo trilioni 30. Lakini lau zingezidi tu pasipo kubadilika, tungekuwa bonge la nyama lisilo mkono wala jicho. Surat Al-Muuminun yataja umbo la mtoto tumboni kuwa ni jambo la hatua baada ya hatua, na kila mwenye kuisoma anaijua ibara hiyo. Wanaotazama kwa darubini nao huona kwamba katika kila hatua chembe hupokea amri mpya: hii iwe ya ngozi, hii ya mfupa, hii ya damu, hii ya ini. Katika mwili kuna aina za chembe zaidi ya mia mbili, na zote zina kitabu kimoja cha maagizo ndani yake. Zinatofautiana kwa sababu kila moja husoma baadhi ya kurasa na kuzifunga nyingine.

Sasa, lililo muhimu zaidi katika habari yetu ni hili. Aghlabu chembe ikisha kupevuka huacha kuzaana. Chembe nyekundu ya damu, kwa mfano, huzaliwa katika uboho wa mifupa; mama zake huzidi kwa wingi, lakini yenyewe inapokomaa hukitupa nje kiini chake chote, ikaingia katika mishipa kufanya kazi ya kuchukua hewa kwa muda wa siku 120 hivi, kisha ikafa bila ya kizazi. Chembe za juu ya ngozi nazo hukauka na kudondoka. Chembe zinazotandika utumbo hubadilishwa kila baada ya siku chache. Kazi ya kuzaa imewekwa kwa chembe changa, na kazi ya kutumika imewekwa kwa zilizopevuka. Ziko chembe zenye kutoka katika kanuni hii, na ini ni mfano mashuhuri, kwani likikatwa hujirudisha. Lakini kwa sehemu kubwa ya mwili ndivyo mambo yaendavyo.

Basi saratani ni nini? Kwa aina nyingi za maradhi haya, na hasa zile za damu na za watoto, jibu ni kwamba ni chembe iliyokataa kupevuka. Imekwama katika kitale. Na kwa kuwa imekwama pale ambapo kuzaa bado kunaruhusiwa, yazaa kitale mfano wake, na vitale vile huzaa vitale, hata mti ukaelemewa.

Wasomaji watatuuliza: Haya yalijulikanaje? Na yule Burkitt ambaye jina lake limepewa maradhi ya mtoto wa Mafia ni nani? Maswali haya mawili yanakutana, na hadithi yake sehemu kubwa ni ya Afrika ya Mashariki.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita atazame mtoto aliyevimba taya zote mbili. Hakuelewa. Majuma machache baadaye, alipokuwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule ule. Naye, badala ya kutazama uso peke yake, akampapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine humo. Ndipo alipofahamu kwamba maradhi ya taya na yale ya tumbo, yaliyokuwa yakiandikwa katika madaftari ya hospitali kwa majina mbalimbali, huenda yakawa ni maradhi mamoja. Mwaka 1958 akayaandika katika jarida la wapasuaji la Uingereza.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi twalipenda kuliko yote. Hakukaa akingoja wagonjwa wamjie. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 alipanda gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri majuma kumi, maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika na nchi zilizo kusini yake, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza swali moja tu: Je, mmepata kuwaona watoto wa namna hii? Walikuwa na picha mkononi. Waliporudi walikuwa na ramani. Maradhi yalikuwapo katika nchi zenye joto na mvua, na hayakuwapo katika nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa ni ramani ya mbu, au karibu nayo.

Hapo pakatokea ajabu ambayo inatuhusu sisi watu wa visiwani. Unguja na Pemba zina joto, zina mvua, na ziko chini kabisa usawa wa bahari. Kwa hesabu ya ramani zilistahili kuwa na watoto wengi wa maradhi haya. Lakini walionekana wachache mno. Mwaka 1964 wanazuoni walielekeza kidole kwenye jambo moja: zama hizo malaria ilikuwa imepigwa vita vikali katika visiwa hivyo. Hivyo fikra ikaanza kwamba malaria, maradhi ambayo kila mama wa pwani anayajua kwa jina na kwa joto la paji la uso, ina mkono wake katika uvimbe wa taya.

Mwaka huo huo wa 1964 alipatikana mshitakiwa wa pili. Burkitt alikuwa ametoa hotuba London mwaka 1961, na miongoni mwa waliokaa kumsikiliza alikuwamo kijana mtafiti, Anthony Epstein. Tangu hapo vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Kampala hata London, na kwa muda mrefu havikumpa Epstein kitu chochote. Siku moja ndege ilizuiliwa na ukungu ikateremka Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yameingia ukungu kama yaliyooza. Mtu mwingine angeyamwaga. Epstein alitazama kwa darubini akakuta si uozo, bali ni chembe za saratani zilizojitenga na kipande, zinaelea, tena zi hai. Kwa njia hiyo zikawezekana kuoteshwa katika chupa, na ndani yake yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakaona virusi ambavyo havijapata kujulikana. Leo vinaitwa virusi vya Epstein na Barr. Ni vyema kila mzazi ajue kwamba karibu watoto wetu wote huvipata wakiwa wadogo, kwa mate, wala haviwadhuru. Mtoto mwenye maradhi haya hawezi kuwaambukiza wenzake saratani, na wala asitengwe katika sahani wala katika mkeka.

Sasa turudi katika chembe. Katika mitoki na tezi zetu zimo chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza silaha za kupambana na maradhi. Homa inapoingia, chembe hizo hukusanyika ndani ya tezi, huzidi upesi sana, na wakati wa kuzidi huko hukata na kuunga maagizo yake zenyewe ili zipate silaha iliyo kali zaidi. Ndiyo sababu tezi za mtoto mwenye homa hutuna. Kisha zile zilizofaulu hupevuka: huacha kuzaana, zikawa viwanda vya silaha, na nyingine zikawekwa akiba. Hicho kipindi cha kukata na kuunga ndicho kipindi cha khatari, na katika desturi ya mwili ni kifupi. Malaria imrudiayo mtoto mwezi hata mwezi hukirefusha kipindi hicho, chembe zikawa hazina likizo; na virusi tulivyovitaja huzisaidia zile zilizokosea zisife kama ilivyozipasa.

Kosa lenyewe linajulikana. Maagizo ya mwili yamepangwa katika vitabu 46, yaani kromosomu, ambavyo vimekaa jozi jozi. Mwaka 1976 ilibainika kwamba katika chembe za limfoma ya Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 mara nyingi kimehamia katika kromosomu ya 14, na mwaka 1982 ikajulikana ni nini kilichohama. Ni jeni iitwayo MYC, ambayo huiambia chembe: zidi, zidi. Ni kana kwamba karatasi imechanika katika kitabu cha 8 ikashonwa katika kitabu cha 14, tena ikaangukia penye ukurasa usomwao mchana na usiku, kwa kuwa ndio ukurasa wa kutengeneza silaha. Katika chembe iliyo salama, ili ipevuke sharti amri ya MYC inyamazishwe kwanza. Hapa hainyamazi kamwe. Kupevuka kukazuiwa mlangoni. Na matokeo yake ndiyo yale aliyoyaona mzee wetu: uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa zinazokua upesi kupita zote kwa binadamu, chembe zake huweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Familia ikingoja majuma mawili kwa kudhani ni jino, hayo si majuma mawili madogo.

Mpaka hapa tumeeleza kwamba chembe ikikwama huleta uvimbe. Lakini je, ikikwamuliwa? Ikisukumwa ikapevuka, itaacha uovu wake? Hapa ndipo tulipofurahi zaidi katika kusoma kwetu.

Huko Marekani alikuwako mwanazuoni, Barry Pierce, aliyeshughulika na uvimbe wa ajabu wa panya ambao ndani yake hupatikana vipande vya mfupa, vya msuli, vya ngozi na vya neva, vyote vimechanganyika. Mwaka 1964 yeye na Lewis Kleinsmith walionyesha kwamba chembe moja tu ya saratani hiyo, ikipandikizwa peke yake, yaweza kuzaa vyote hivyo. Na vile vipande vilivyokwisha kuwa mfupa au msuli havikuwa saratani tena. Mwaka 1971 Pierce na mwenzake walitazama saratani ya ngozi ya panya, ambayo ndani yake mna vidonge vigumu vya chembe zilizopevuka. Wakavitenga. Chembe changa zilipopandikizwa kwa panya wengine ziliota uvimbe. Vile vidonge vilivyopevuka havikuota kitu. Uvimbe ni ule ule, mnyama ni yule yule, lakini zilizopevuka zimepoteza uwezo wa kuzaa saratani.

Baada ya hapo, katika mwaka 1974 na 1975, watafiti kadhaa, Ralph Brinster na Beatrice Mintz wakiwa miongoni mwao, walitia chembe za uvimbe ule wa ajabu ndani ya kiinitete cha panya cha siku chache. Walizaliwa panya wazima, na sehemu za miili yao zilitokana na zile chembe za saratani, nazo zinafanya kazi kwa utulivu kama wenzao. Jirani wema waliwafundisha kazi. Tulipoyasoma hayo tulikitua kitabu tukakaa kimya kidogo.

Kutoka kwa panya tuje kwa binadamu, nasi twende China. Iko saratani moja ya damu, ya chembe changa za uboho, iliyokuwa ikiua kwa kutokwa damu ndani ya siku chache. Daktari Wang Zhenyi wa Shanghai alifikiri: badala ya kuziua chembe hizi kwa sumu, tuzipevushe. Akatumia dawa iliyotokana na ukoo wa vitamini A. Mwaka 1988 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 24, ambao wote maradhi yao yalitulia; na 23 kati yao kwa dawa hiyo peke yake. Katika darubini zilionekana chembe za saratani zikikomaa kuwa chembe nyeupe za kawaida, kisha zikafa kwa ajali yake ya siku zote. Siku hizi dawa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya zarniki, ambayo nayo ilianza kutumiwa huko huko China, na watu zaidi ya 9 katika 10 hupona. Saratani iliyokuwa ya kutisha kuliko wenzake imekuwa ya kutumainiwa kuliko wenzake.

Hapa yatupasa tusimame tuseme na kina mama. Msiondoke katika ukurasa huu mkaenda kununua vitamini A mkawanywesha watoto. Dawa ile ni ya aina moja ya saratani ya damu, nayo hutolewa hospitalini chini ya macho ya matabibu kwa kuwa ina madhara makubwa. Matone ya vitamini A wapewayo watoto kliniki ni kwa kazi nyingine, na kipimo chake kinajulikana. Kuyazidisha hudhuru ini. Limfoma ya Burkitt haitibiwi kwa njia hiyo.

Tulipokwisha kupata haya yote tulimpigia simu mzee wetu wa Kilindoni, tukamweleza habari ya kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi. Alisikiliza hata mwisho, kisha akacheka. Akasema: "Wanangu, mmesema vizuri. Lakini nazi hamuijui. Nazi hata ikomae namna gani, uiweke penye unyevu, itamea."

Tulinyamaza, kwa kuwa alikuwa amegusa pale pale ambapo wanazuoni wenyewe wamegota. Je, chembe ya saratani iliyopevushwa imekwisha kabisa, au imelala? Majaribio mawili ya panya huko Marekani yalitoa majibu mawili, na yote yahusu ile jeni ya MYC tuliyoitaja. Katika la kwanza, mwaka 2002, watafiti waliifunga MYC kwa muda mfupi katika saratani ya mfupa. Chembe zikapevuka zikawa mfupa. Na MYC ilipofunguliwa tena, hazikurudi katika uovu, bali zilikufa. Katika la pili, mwaka 2004, lilikuwa ini. MYC ilipofungwa, uvimbe ukageuka kuwa chembe za ini zenye adabu. Lakini ilipofunguliwa tena, baadhi yake ziliamka zikawa saratani kama kwanza. Zilikuwa zimelala tu. Basi mfupa ulikuwa kama tulivyosema sisi, na ini likawa kama alivyosema mkwezi. Ndiyo maana mgonjwa aliyepona huitwa kliniki mara kwa mara hata akijiona hana neno, na ndiyo maana si kila saratani imepatiwa dawa ya kuipevusha, ijapokuwa wanaoitafuta ni wengi.

Kwa mtoto wa Burkitt njia iliyopo leo ni ya zamani zaidi, yaani kuziua chembe kwa dawa kali. Nayo ina fadhila kubwa: kwa sababu chembe hizi zinazaana upesi, dawa nazo huzikuta katika kuzaana huko na kuziangamiza upesi. Burkitt mwenyewe katika miaka ya 1960 aliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa dozi chache. Huyeyuka upesi hata figo zikaelemewa na taka zake, na kwa hiyo mtoto sharti alazwe, apewe maji mengi ya mshipa na apimwe damu. Moja katika dawa hizo, iitwayo vinkristini, hutokana na mmea wa maua ya waridi ambao asili yake ni Bukini. Wasomaji wa Mafia hawatakosa kukumbuka kwamba kutoka Bukini hiyo hiyo ndiko walikokuja Wasakalava mwanzoni mwa karne ya 19 wakauharibu mji wa Kua, ambao magofu yake yangali yasimama katika kisiwa cha Juani. Kisiwa kile kile kimetuletea na hili.

Katika nchi tajiri watoto 9 katika 10 wa maradhi haya hupona. Katika nchi zetu idadi ni ndogo kuliko hiyo, na sababu zake si siri: wengi huletwa wamechelewa, na wengine matibabu hukatizwa katikati, uvimbe ukiisha kuonekana umetoweka na nauli imekwisha. Kutoka Mafia mtu huvuka hata Nyamisati, kisha hupanda gari mpaka Dar es Salaam, na watoto hutibiwa Muhimbili. Safari moja ni mzigo. Safari sita ni kuuza minazi. Sisi hatuwezi kumlaumu baba aliyesita. Lakini kwa yaliyo mikononi mwetu twasema wazi: uvimbe wa taya usio na usaha, wenye kulegeza meno na kukua siku hata siku, au tumbo la mtoto linalojaa kwa haraka, si jambo la kungojea mwisho wa juma. Asomewe, na dua ni kheri. Aombewe njiani akienda hospitali.

Na chandarua? Huko Mara ya Kaskazini, karibu na Ziwa Viktoria, kuanzia mwaka 1977 hata 1982 watoto walipewa vidonge vya klorokwini ili ionekane kama maradhi ya Burkitt yatapungua malaria ikipungua. Yalipungua, lakini yalikuwa yameanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilirudi kupanda kabla ya mradi kwisha, hivyo watafiti kwa uaminifu wao hawakudai ushindi. Ushahidi mwingine uliokusanywa tangu hapo waelekea upande ule ule wa malaria. Kwa vyovyote, chandarua kina sababu zake za kutosha hata bila ya hii.

Mzee alituuliza jambo moja la mwisho kabla ya kukata simu. Alitaka kujua ni lini ataacha kuogopa. Tulimjibu kwa tulivyoambiwa na wajuao: maradhi haya yakirudi, aghlabu hurudi katika mwaka wa kwanza, na mtoto aliyepita miaka miwili bila ya kurudiwa huhesabiwa kuwa amepona. Akahesabu kwa pepo zake: kusi moja imepita, kaskazi imepita, na sasa ni kusi ya pili tangu dozi ya mwisho. Siku ya kurudi Muhimbili imeandikwa katika kadi, nayo ni baada ya Idi. Nywele za mtoto zimeota zote. Na katika taya lile la kushoto, nyuma kabisa, gego moja jipya limeanza kuchomoza.